SOMO LA MWEZI: MAWE YA KALE NA NYUMBA ZETU ZA SALA

Kusoma katika Biblia: Luka 7:1-10, Matendo ya Mitume 6:8-10 na 18:7-8, Waroma 16:3-5, Filemoni 1-2.



Maulizo mawili yalitufikia, nasi tumeona vema kuyajibu pamoja katika somo hili. Ulizo la kwanza linatoka kwa waaminifu wanaosali katika nyumba ya udongo yenye kuezekwa kwa majani. Jirani zao wanawacheka: “Ninyi hamuna kanisa, muko na nyumba tu.” Vijana wengine wanaona haya, na wengine wamekwisha kwenda kule kwenye mnara na kengele. Ulizo la pili linatoka kwa wanafunzi. Wanauliza kama mkristo anaweza kusoma elimu ya akiolojia, ni kusema elimu ya kuchimbua vitu vya kale ardhini, bila kupoteza imani yake.

Tutajibu yote mawili kwa njia moja: tutaenda kusikiliza wale waliochimbua.

1. KONFERANSI MBILI ZA LONDON

Katika mji wa London kuna akademia ya wenye elimu ya Uingereza. Tangu 1908 akademia ile inaita profesa kutoa konferansi juu ya vitu vya kale vyenye kuangaza Biblia. Konferansi zinaitwa kwa jina la Schweich, kwa sababu binti mmoja, Constance Schweich, alitoa mali kwa ukumbusho wa baba yake Leopold. Tufikiri kidogo hapa. Sisi tukifiwa na mzazi, mara nyingi mali yote inaisha katika matanga ya siku chache. Binti huyu alimkumbuka baba yake kwa mafundisho, na watu wanafundishwa mpaka leo.

Mwaka 1930 aliitwa Profesa Eleazar Sukenik, Myuda wa Yerusalemu, akafundisha juu ya sinagogi za kale za Palestina na Ugiriki. Mwaka 1937 aliitwa John Crowfoot, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi ya elimu miaka mingi katika Sudani, kisha akaongoza shule ya akiolojia ya Waingereza katika Yerusalemu. Yeye alifundisha juu ya makanisa ya kwanza ya Palestina. Mafundisho yao yalichapwa vitabu, cha Sukenik mwaka 1934 na cha Crowfoot mwaka 1941.

2. SINAGOGI ILIKUWA NYUMBA YA NAMNA GANI?

Sinagogi siyo hekalu. Hekalu lilikuwa moja tu, kule Yerusalemu, na ndilo lililokuwa na madhabahu ya kuchinjia sadaka. Sinagogi ni nyumba ya kukusanyika, na kila mji uliweza kuwa na yake.

Katika Yerusalemu, miaka ya 1913 na 1914, Mfaransa Raymond Weill alipata ndani ya kisima cha kale jiwe lenye maandiko ya Kigiriki, mistari kumi. Jiwe linamtaja Theodoto, kuhani na mkubwa wa sinagogi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wakubwa wa sinagogi pia. Linasema kwamba alijenga nyumba ile kusudi Sheria isomwe na amri zifundishwe, akajenga tena vyumba vya wageni na mahali pa maji, kwa ajili ya wasafiri kutoka inchi za mbali. Wataalamu wengi wanaliweka mbele ya mwaka 70, mwaka ambao Waroma walibomoa hekalu.

Basi, nyumba ya sala ilikuwa na kazi tatu: kusoma Neno, kufundisha, na kupokea mgeni. Jiwe linataja vitanda na maji ya msafiri pamoja na Sheria ya Mungu, bila kuvitenga. Parokia yenye waimbaji wazuri lakini mgeni analala nje, je, inaweza kusimama mbele ya jiwe la Theodoto?

Mfano wa pili ni Beth Alfa. Mwishoni mwa 1928, wakulima Wayuda walikuwa wakichimba mfereji wa kupeleka maji mashambani. Majembe yao yakagusa sakafu ya mozaiki, yaani picha zilizotengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi mbalimbali. Sukenik akaitwa, akachimbua mwanzoni mwa 1929. Ilikuwa sinagogi ya karne ya sita. Moja ya picha zake inaonyesha Abrahamu akiwa na kisu, Isaka, kondoo dume, na mkono wa Mungu kutoka juu. Karibu na mlango mafundi waliandika majina yao: Mariano na mwana wake Hanina. Baba na mwana walifanya kazi moja ya Mungu. Na katika nyumba ya Sukenik pia ilikuwa hivyo, kwani mwana wake Yigael Yadin ndiye aliyechimbua ngome ya Masada kati ya 1963 na 1965, na ndani yake akapata sinagogi nyingine.

3. WAKRISTO WA KWANZA WALISALI WAPI?

Kati ya konferansi ya 1930 na ile ya 1937, jambo kubwa lilionekana katika inchi ya Siria, kando ya mto Efrata. Mji wa kale unaoitwa Dura-Europos ulikuwa umefunikwa na mchanga. Askari wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakichimba mahandaki mwaka 1920 waligundua picha ukutani. Kisha Wamarekani wa chuo kikuu cha Yale pamoja na Wafaransa walichimbua mji ule kuanzia 1928 mpaka 1937.

Karibu na mwaka 256, Wapersia walizunguka mji kwa vita. Waroma waliokuwa ndani walitaka kutia ukuta wa magharibi nguvu, wakajaza udongo katika barabara iliyokuwa kando yake na katika nyumba zilizokuwa pale. Mji ulianguka, watu wakaondoka, lakini udongo ule ulilinda kuta za nyumba zile kwa miaka zaidi ya 1600. Kilichowekwa kwa ajili ya vita, Mungu alikitumia kwa kulinda ushuhuda.

Katika udongo ule wachimbaji waliona nyumba ya sala ya Wakristo. Ilikuwa nyumba ya kukaa kama nyumba zingine za mtaa, bila mnara wala kengele. Karibu na mwaka 232, waaminifu walibomoa ukuta kati ya vyumba viwili kusudi wapate chumba kikubwa. Kiliweza kupokea watu kama sitini au sabini. Chumba kingine kidogo walikifanya cha ubatizo, wakaweka birika na kuchora ukutani: mchungaji akibeba kondoo mabegani; mwenye kupooza akiinuka na kuchukua kitanda chake; Petro juu ya maji akimwendea Yesu. Kuna tena wanawake wenye kubeba moto mikononi. Wataalamu wengine wanasema wanakwenda kaburini, wengine wanasema ni wale mabikira wa mfano wa Yesu. Hii ni moja ya nyumba za sala za Wakristo za zamani kabisa ambazo ulimwengu unazijua.

Kando ya ukuta uleule ilipatikana sinagogi mwaka 1932. Nayo ilianza kama nyumba ya mtu. Maandiko yake yanamtaja mzee Samueli na mwaka ambao kwa hesabu yetu ni 244 au 245. Kuta zake zimejaa picha: mtoto Musa akitolewa mtoni, Esta mbele ya mfalme, mifupa mikavu ya Ezekieli ikipata uhai. Sinagogi na nyumba ya Wakristo zilikuwa katika mtaa mmoja. Tukumbuke Korinto: Paulo alipotoka katika sinagogi aliingia nyumba ya jirani iliyopakana nayo.

Sasa tuwajibu wale wanaotucheka. Wakati Paulo alipowaandikia Waroma, aliwasalimu Priska na Akila pamoja na kanisa lililokuwa nyumbani mwao. Alipomwandikia Filemoni alifanya vilevile. Zaidi ya miaka 170 nyuma, huko Dura, waaminifu walikuwa wangali nyumbani. Kama nyumba siyo kanisa, basi Priska hakuwa na kanisa, na Filemoni hakuwa na kanisa. Wazee wetu wakati wa ukoloni walisali usiku nyumbani na porini, wakifungwa na kupelekwa mbali kwa sababu ya sala. Kujenga kwa matofali ni vema, wala hatumkatazi mtu. Lakini kijana anayeona haya mbele ya majani, anaona haya mbele ya mitume.

4. MAWE YENYE KUTUHUKUMU

Crowfoot alichimbua makanisa katika mji wa Jerash, unaoitwa pia Gerasa, katika inchi ya Yordani, kati ya 1928 na 1930. Binti yake Dorothy, msichana wa miaka 18, alikuja kusaidia kuchora mozaiki zile kwa uangalifu mkubwa. Msichana huyo alikuwa mtaalamu mkubwa wa kemia, akapewa zawadi ya Nobel mwaka 1964. Wazazi wenye kusema kwamba elimu siyo kitu cha binti, wasikie.

Lakini chini ya kanisa moja la Jerash ilionekana sakafu nyingine. Ilikuwa ya sinagogi, yenye picha za wanyama wa Nuhu, na majina ya Shemu na Yafeti. Mwaka 530 au 531 Wakristo walijenga kanisa lao juu yake. Tena miaka michache nyuma, mwaka 535, mfalme Yustiniano alitoa sheria ya kugeuza sinagogi za Afrika ya Kaskazini kuwa makanisa.

Tusipite haraka hapa. Wakristo walioteswa na Waroma, walipopata mfalme wao, walianza kuchukua nyumba za sala za wengine. Sisi ambao wazee wetu walifungiwa nyumba zao za sala, tujichunguze. Siku tukipata rafiki mkubwa serikalini, je, tutamlinda jirani wa dini nyingine, ao tutafuata njia ya Yustiniano?

5. KUSEMA KWELI NI KAZI YA IMANI

Katika Kapernaumu kuna sinagogi nzuri ya mawe meupe. Wageni wengi wanaonyeshwa na kuambiwa kwamba Yesu alifundisha ndani yake. Katika siku za Sukenik wataalamu wengi waliiweka katika karne ya pili ao ya tatu. Tangu 1968, mapadri Wafransisko Corbo na Loffreda walichimba chini ya sakafu, wakapata maelfu ya sarafu. Nyingi ni za karne ya nne na ya tano. Tuseme kwa mfano wa kwetu: ukibomoa sakafu ya sementi na kukuta chini yake sarafu ya likuta ya 1967, utajua kwamba sakafu ile haikuwekwa mbele ya 1967. Kwa sababu hiyo wengi leo wanasema sinagogi ile nyeupe ilijengwa zaidi ya miaka 300 nyuma ya Yesu. Chini yake kuna kuta za mawe meusi, na wengi wanafikiri hizo ndizo za sinagogi ya zamani zaidi, ile ambayo Luka anasema akida Mroma aliwajengea Wayuda.

Je, imani imepungua? Hapana. Kilichopungua ni maneno ya haraka ya watu. Mwanafunzi asiogope jembe la akiolojia, na mhubiri asiongeze chumvi juu ya mawe. Hata profesa wanasahihishwa na sarafu ndogo.

6. NA HAPA AFRIKA?

Mambo haya siyo ya mbali tu. Katika Faras, inchi ya Nubia, Wapolandi walioongozwa na Michałowski walichimbua kanisa kubwa kati ya 1961 na 1964, mbele ya maji ya bwawa la Aswani kulifunika. Picha zaidi ya mia zilitolewa ukutani, zikagawanywa kati ya Khartoum na Warszawa. Katika Ethiopia ya kaskazini, mahali panapoitwa Beta Samati, wataalamu walitangaza mwaka 2019 kanisa la karne ya nne. Na katika Kongo yetu, huko Ngongo Mbata, Kongo-Central, kuna msingi wa kanisa la mawe la wakati wa ufalme wa Kongo. Lilichimbuliwa mwaka 1938, na kazi ikaendelea tena mwaka 2012.

Lakini ushuhuda unaweza kupotea. Katika vita ya Siria, iliyoanza 2011, wezi walichimba Dura mashimo mengi sana kwa kutafuta vitu vya kuuza. Nyumba ya makumbusho ya Khartoum iliibiwa katika vita iliyoanza 2023.

Nasi tunaungama kosa letu. Katika parokia moja tunayoijua vizuri, nyumba ambamo waaminifu wa kwanza walisali ilibomolewa kusudi matofali yake yajenge choo. Hakuna aliyepiga picha, hakuna aliyeandika majina. Sisi wenyewe tulikuwapo, na hatukusema neno.

TUFANYE NINI?

Kila parokia ichague vijana wawili wenye kuandika vizuri. Wawaendee wazee, waulize: nani alitoa kiwanja? Sala ya kwanza ilifanyika chini ya mti gani? Nani alipokea wageni? Waandike tarehe na majina, mafundi waashi wasisahauliwe, kwani Mariano na Hanina hawakusahauliwa. Na mahali pasibomolewe mbele ya kupimwa na kupigwa picha.

MAULIZO YA KUJIBU KATIKA VIKUNDI

1. Jiwe la Theodoto linaonyesha kazi gani tatu? Ni ipi inayokosa katika parokia yetu?
2. Priska na Akila walikuwa na kanisa wapi?
3. Sarafu chini ya sakafu inatufundisha nini juu ya kusema kweli?
4. Nani katika mtaa wetu angali anakumbuka siku ya kwanza ya sala, na nani atamwendea juma hili?

Bwana awabariki, alinde nyumba zenu, na Neno lake likae ndani yake. Amina.