Mchafuzi Alipe, Lakini Amlipe Nani?

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, huko Kalemie, mbali kusini mwa mji wetu wa Uvira. Kina chake kinafika mita 1,470, na maji yake hukaa humo karne kadhaa kabla ya kubadilika. Kinachomwagwa leo kwenye bandari yetu ya Kalundu, au ng'ambo Bujumbura, hakiondoki upesi. Kweli, Uvira haina viwanda vingi, na kile cha sukari cha Kiliba kilifungwa miaka ya vita ya 1990. Lakini ng'ambo ya pili wanatengeneza bia na sabuni, na mvuvi wa ndagala anatupa wavu katika maji hayohayo.

Nchi kadhaa zimejaribu kupunguza uchafu kwa kuutia bei. Serikali hutoza ada kwa kila kipimo cha uchafu, au huweka kikomo cha jumla, ikagawa vibali na kuviacha viwanda viuziane. Marekani ilitumia njia hii ya pili kwa gesi ya salfa, kwa sheria ya 1990, na mvua ya asidi ikapungua kwa gharama ndogo kuliko ilivyohofiwa.

Los Angeles mambo yalikwenda vingine. Huko kampuni za mafuta ziliruhusiwa kununua magari makuukuu na kuyaponda, kisha zikahesabiwa kuwa zimetimiza wajibu wao, bila kuziba mvuke uliotoka meli zilipopakia mafuta. Kwenye makaratasi hewa ya jiji ilikuwa nafuu. Magari hayo yalikuwa yametapakaa mji mzima, ila mvuke ulibaki palepale, kwa maskini wanaoishi karibu na bandari. Kwa maoni yangu, ada inafaa kwa uchafu unaooza, kama maji ya kiwanda cha sukari. Zebaki na madini ya risasi yasiwekewe bei kabisa, yapigwe marufuku.

Sheria ya Kongo inakupa pa kushika. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 54 kinasema uharibifu unaotokana na shughuli za uchumi lazima ulipiwe fidia au urekebishwe. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inamtwika mchafuzi gharama, na inadai uchunguzi wa athari pamoja na kusikiliza wananchi kabla mradi haujaanza. Mkataba wa ziwa, uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, nao unashika kanuni hiyohiyo. Mamlaka yake iko Bujumbura, na mnaweza kuiandikia juu ya uchafu unaovuka mpaka.

Ugumu uko kwenye ushahidi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa nchini Kenya, waliodhuriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, walipewa na mahakama fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakaipoteza kwenye rufaa, wakarudishiwa haki na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Walikuwa na vipimo vya damu mkononi.

Basi ukiona samaki wamekufa au maji yamebadilika rangi, andika siku na saa, piga picha, tunza karatasi za zahanati. Usichote maji peke yako ukayaita ushahidi: omba ofisa wa mazingira achote mbele ya mashahidi, juu na chini ya bomba linalomwaga, na iandikwe ripoti yenye sahihi. Mjini Uvira kuna kituo cha utafiti wa maji, CRH, waombe ushauri. Barua ya malalamiko iwe na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Na maji hayo usiyanywe: klorini tunayotiliwa ufukweni huua kipindupindu, haiondoi mafuta wala madini, na kuchemsha pia hakuondoi.

Ukiletewa pesa za fidia, soma kabla ya kutia sahihi. Karatasi ikisema hutadai tena kamwe, mpelekee kwanza mwanasheria.

Ukisikia kiwanda kinakuja kwenye kartie yenu, nendeni kwa meya mkiwa wengi, mdai kuiona ripoti ya uchunguzi wa athari kabla msingi haujachimbwa.