Flashi ni Mkoba, si Meza ya Kuandikia



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, chanjo na lishe. Somo la leo linahusu flashi, kile kidude kidogo tunachochomeka kwenye kompyuta na wengine hukivaa shingoni kwa uzi. Huenda utauliza: flashi na afya vinahusiana vipi? Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe, nawe utaona.

Jambo lililonipata

Mwaka jana, wakati wa mvua za Aprili, nilipewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu kutafuta watoto ambao hawajapata dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubella. Dozi hiyo hutolewa mtoto akifikisha miezi 18. Iliingia katika ratiba ya chanjo ya Uganda mwaka 2022, na wazazi wengi niliowakuta walikuwa hawajaisikia. Nilipata watoto 41.

Daftari langu lilikuwa limejaa, kwa hiyo majina niliyaandika kwenye vikaratasi. Kisha nikaenda kwenye kafe ya intaneti, nikachomeka flashi, nikafungua orodha ya zamani iliyokuwa ndani yake, nikaanza kuongeza majina humo humo. Niliandika kwa muda wa saa mbili. Kila nikimaliza karatasi moja niliichana vipande vipande, kwa sababu tulifundishwa kwamba majina ya watu hayatupwi ovyo. Nilipokuwa nahifadhi kwa mara ya mwisho, umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, faili ilikuwepo na jina lake lilikuwepo, lakini ukubwa wake ulikuwa sifuri. Orodha mpya imepotea, na ile ya zamani imepotea nayo.

Nilirudia nyumba zile zile kwa siku nne. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, si ulishaandika jina la mtoto wangu juzi?" Sikuwa na jibu zuri. Familia mbili zilikuwa zimeshahamia Kyaka II. Mtoto wa familia moja alikosa siku ya chanjo, na tulimpata wiki tatu baadaye kupitia simu ya jirani, akachanjwa huko huko. Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Lakini surua haisubiri mtu aandike orodha mara ya pili.

Mimi nililaumu umeme. Fundi mmoja wa kompyuta aliposikia habari yangu alinijibu hivi: "Umeme hukatika kila mahali, ndugu yangu. Wewe umeandikia ndani ya mkoba. Flashi ni mkoba wa kubebea, meza ya kuandikia ni kompyuta." Neno hilo ndilo somo letu la leo.

Kwa nini flashi si mahali pa kuandikia

Kwanza, kuhifadhi si tendo moja. Unapobofya kuhifadhi, unaona ni kufumba na kufumbua. Lakini programu kama Word hufanya hatua kadhaa. Hutengeneza faili ya muda pembeni, huandika maandishi yako humo, kisha huiondoa faili ya zamani na kuipa ile mpya jina lake. Ukichomoa flashi katikati ya hatua hizo, au umeme ukikatika, unaweza kubaki bila ya zamani wala mpya.

Pili, flashi nyingi zina orodha isiyojilinda. Fikiria rejista ya mapokezi pale kituo cha afya. Rejista ndiyo inayosema kadi ya mgonjwa fulani iko kabati lipi. Flashi nayo ina orodha ya namna hiyo, inayosema faili fulani imewekwa sehemu zipi. Flashi nyingi hutumia mpangilio unaoitwa FAT32 au exFAT. Mipangilio hiyo haina daftari la kuandika "nilikuwa nabadilisha hiki" kabla ya kubadilisha. Kazi ikikatizwa, orodha huweza kubaki nusu: kadi zipo kabatini, lakini rejista haijui ziko wapi. Diski ya ndani ya kompyuta ya Windows kwa kawaida hutumia mpangilio wa NTFS, wenye daftari hilo. Kompyuta ikiwaka tena hulisoma na kurekebisha orodha yake.

Tatu, flashi huchomoka. Mtoto anavuta uzi, mtu anapita anagusa meza, tundu la kompyuta ya kafe limelegea. Diski ya ndani haichomoki kwa kugongwa na kiwiko.

Nne, flashi huchoka. Vyumba vyake vya ndani vinaweza kufutwa na kuandikwa upya kwa idadi fulani ya mara tu. Ukifungulia na kuandikia humo humo, programu huandika na kufuta faili za muda mara nyingi bila wewe kuona. Ukiitumia kubeba tu, huandikwa mara chache. Flashi za bei ya chini sana huwa na vyumba hafifu, na duniani kote zipo flashi bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa kuliko iliyomo. Hizo hupokea faili zako bila kulalamika, na siku ya kufungua hukuti kitu.

Tano, kilichofutwa kwenye flashi hakiendi kwenye pipa la taka. Katika Windows, ukifuta faili iliyo kwenye kompyuta yenyewe, unaweza kuirudisha kutoka kwenye pipa. Ukifuta iliyo kwenye flashi, huondoka moja kwa moja. Kidole kikiteleza, basi.

Na virusi je?

Sisi watu wa afya tunajua ugonjwa husafiri na mtu. Virusi vya kompyuta husafiri na flashi. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichoonekana mwishoni mwa mwaka 2008, kilisambaa katika kompyuta nyingi sana duniani, na flashi ilikuwa mojawapo ya njia zake. Mwaka 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuzuia Windows za wakati ule zisianzishe programu zenyewe flashi inapochomekwa. Hayo yamesaidia, lakini hayajamaliza tatizo.

Viko virusi vinavyoficha faili zako zote na kuweka mahali pake alama za mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi hudhani kazi yake imefutwa. Mara nyingi haijafutwa, imefichwa tu. Kwa hiyo usibofye alama hizo, na usikubali mtu yeyote aifomati flashi yako kabla fundi anayeaminika hajajaribu kuzifichua faili.

Hatua za kufuata

Iwe uko Nakivale, Kyangwali au Kyaka II, au uko hapa mjini na umekwenda Wandegeya au Nasser Road kuchapisha barua, fuata utaratibu huu:

1. Chomeka flashi, kisha ikaguliwe na programu ya kuzuia virusi ikiwa ipo.

2. Usifungue faili iliyo ndani ya flashi. Inakili kwanza na uibandike kwenye kompyuta, mahali utakapoiona kwa urahisi. Bonyeza Ctrl na C kunakili, kisha Ctrl na V kubandika.

3. Chomoa flashi, uiweke mfukoni. Sasa nakala yako ya zamani iko salama, hata umeme ukikatika mara kumi.

4. Fungua nakala iliyo kwenye kompyuta uifanyie kazi. Hifadhi kila baada ya dakika chache kwa kubonyeza Ctrl na S.

5. Ukimaliza, funga faili na funga programu kabisa.

6. Ipe faili jina jipya lenye tarehe, kwa mfano "barua ya maombi 12 Mei". Chomeka flashi, unakili faili hiyo humo. Usiifute ya zamani siku hiyo hiyo.

7. Fungua faili kutoka kwenye flashi kwa kuisoma tu, uone kama imefika nzima. Kisha ifunge.

8. Nenda kwenye alama ndogo ya flashi karibu na saa, pembeni chini ya skrini, uchague amri ya kuiondoa kwa usalama. Subiri ujumbe wa ruhusa ndipo uchomoe. Wengine husema Windows za sasa hazihitaji hatua hii. Ni kweli kwamba toleo la Windows 10 lililotoka mwishoni mwa mwaka 2018 liliweka uondoaji wa haraka kuwa mpangilio wa kawaida. Lakini hilo halikulindi ikiwa faili bado iko wazi au bado inanakiliwa, na hujui kompyuta ya kafe imepangwaje.

9. Weka nakala nyingine mahali pengine: kwenye barua pepe yako au flashi ya pili iliyobaki nyumbani. Kitu kilicho mahali pamoja tu, kihesabu kama kimeshaanza kupotea.

Usiache nyayo

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Ukinakili faili kwenye kompyuta ya kafe, nakala hubaki pale ulipoondoka. Mtu anayeketi baada yako anaweza kuisoma. Kwa hiyo kabla ya kulipa na kuondoka, futa nakala hiyo, mwaga pipa la taka, na utoke kwenye barua pepe yako. Ikumbuke pia kwamba kufuta hivyo kunazuia jicho la mpita njia, lakini mtu mwenye programu maalumu bado anaweza kurudisha kilichofutwa.

Kwa barua ya kuomba kazi, utaratibu huo unatosha. Kwa majina ya wagonjwa hautoshi. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la habari zinazolindwa kwa namna ya pekee. Nami nakiri hapa mbele yenu: siku ile nilifanya makosa mawili. Moja ni kuandikia ndani ya flashi. La pili, lililo kubwa zaidi, ni kupeleka orodha ya watoto wa watu kwenye kompyuta ya kafe. Tangu hapo orodha naziandika kwenye daftari, na kompyuta naitumia ya kituo tu. Wahudumu wenzangu, tufanye hivyo sote. Maelezo ya mtu ya kuomba hifadhi, vyeti na picha za watoto pia vinahitaji uangalifu huo huo.

Na vikaratasi vya mkono? Usivichane mpaka umehakikisha nakala mbili zinafunguka. Hadi hapo vifungie mahali pa siri.

Ikiwa imeshakupata

Usiandike kitu kingine chochote kwenye flashi hiyo, maana maandishi mapya yanaweza kufunika ya zamani ambayo bado yangeweza kuokolewa. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati flashi, kataa. Fungua Word kwenye kompyuta ile ile uliyokuwa ukitumia, uone kama itakuonyesha faili iliyookolewa. Ikishindikana, mpelekee fundi unayemwamini, ukae naye anapofanya kazi, hasa ikiwa ndani mna siri za watu. Mwambie aviokoe vitu kwanza, aviweke kwenye diski nyingine, ndipo mambo mengine yafuate.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini faili ya zamani inaweza kupotea pamoja na mpya ukikatiza kuhifadhi?
2. Ni jambo gani ufanye kabla ya kufungua faili iliyo kwenye flashi?
3. Ukifuta faili kwenye flashi, utaikuta kwenye pipa la taka?
4. Ni habari gani hazifai kufunguliwa kwenye kompyuta ya kafe?
5. Leo hii, barua au cheti chako muhimu kina nakala ngapi, na ziko wapi?

Swali la tano usilijibu kwa mdomo tu. Nenda kaangalie. Ukikuta nakala ni moja, tengeneza ya pili kabla jua halijatua. Kinga ni bora kuliko tiba, na hilo halihusu malaria peke yake.

Kisha mfundishe jirani yako. Kijana anayejua kompyuta amwonyeshe mama anayeanza kujifunza, bila kumcheka. Tuonane katika toleo lijalo, tukiwa na afya njema.