Usingizi wa Nyumba Nzima: Kijitabu cha Afya kwa Jamaa za Magogoni

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, na kijana wa sekondari 8 hadi 10. Sasa piga hesabu ya nyumba yako. Baba analinda usiku hotelini upande wa Bamburi, mama anadamka saa 10 alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, kijana yuko kwenye simu hadi saa 6 usiku, na mdogo wake anaamshwa gizani awahi shule. Vyumba ni viwili. Mmoja akiinuka, wote wanaamka. Ndiyo maana tunasema na nyumba yote pamoja.

Mwili unapolala

Tukilala, presha hushuka na moyo hupumzika. Anayelala saa chache miezi na miezi huukosesha moyo wake pumziko hilo, na hatari ya presha, kisukari na maradhi ya moyo huongezeka. Njaa nayo huzidi, kwani homoni za kushiba hupungua. Ubongo wa mwanafunzi huhifadhi masomo ya mchana wakati wa usingizi, kwa hivyo kumkesheza mtoto kwa ajili ya mtihani ni kumpunguzia. Na dereva wa tuktuk au bodaboda aliyekaa macho saa 17 mfululizo huchelewa kushika breki kama mtu aliyekunywa pombe.

Joto na mbu

Hili ndilo tatizo letu kubwa. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kidogo, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa viganja na nyayo. Katika kaskazi, Januari hadi Machi, chumba cha mabati kisicho na dari hubaki na fukuto hadi usiku mkubwa. Mtu anajigeuza, analala mang'amung'amu, mwishowe anaipandisha neti juu apate upepo. Mbu wa malaria hungoja saa hizo hizo, kwani huuma zaidi kuanzia usiku mkubwa hadi karibu na alfajiri.

Basi tupunguze joto, neti ibaki chini. Mchana funga pazia upande unaopigwa na jua. Jioni fungua madirisha yote, yakiwa yamewekwa waya wa mbu. Pikia nje, maana jiko lililowaka ndani hadi saa 3 usiku huacha moto wake chumbani. Koga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu huja kwenye ngozi na mwili hupoa. Jifunike leso badala ya blanketi. Kama kuna feni, ielekeze kitandani, upepo utapita kwenye neti. Mwenye fedha kidogo za kutengeneza nyumba, sisi tungemshauri aanze na dari kabla ya rangi ya ukuta.

Wanaolala uani au barazani watoke na neti zao. Na msimu wa mvua, usiingize jiko la makaa linalowaka chumbani kukausha nguo au kuota moto: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kahawa, muguka na simu

Kahawa tungu ya barazani ina raha yake, lakini saa 5 baada ya kuinywa karibu nusu ya nguvu yake bado imo mwilini. Inywe mchana, usiku pika mchaichai bila majani ya chai. Muguka na miraa hufukuza usingizi kwa nguvu zaidi, na anayetafuna jioni kisha akameza vidonge vya mzio ili alale anauchanganya mwili mara mbili. Simu za nyumba nzima zilale sebuleni. Asubuhi, toka nje kwenye mwanga wa jua, kwani huo ndio unaoipanga saa ya mwili.

Anayefanya zamu ya usiku

Anayetoka kazini bandarini au kwenye ulinzi analala mchana, na mchana wetu una kelele. Mpe chumba cha ndani, tundika shuka nzito dirishani, waambie watoto na jirani. Kumwamsha kwa kila mgeni anayebisha hodi ni kumnyima usiku wake.

Wakati wa kwenda zahanati

Ukikosa usingizi usiku mmoja mmoja, usihofu. Usipolala kwa kama dakika 20, inuka, kaa pasipo mwanga mkali, urudi kitandani macho yakiwa mazito. Ikiwa ni siku 3 au zaidi kila wiki, na imefika miezi 3, nenda zahanati. Nenda mapema zaidi kama kuna huzuni nzito au mawazo ya kujidhuru.

Kukoroma kwa nguvu kunakokatika ghafla, pumzi ikasimama, kisha mtu akashtuka kama anayekabwa, ni ugonjwa unaotibika, na huandamana na presha. Mwenyewe hajisikii. Anayelala naye ndiye shahidi, kwa hivyo aende naye kwa daktari akaeleze aliyoyasikia.