INI LIKIZIDIWA NA MAFUTA

Wafugaji wa kuku wa mayai wanalijua jambo hili. Kuku aliyefungiwa bandani, anayekula siku nzima bila kutembea, hunenepa mno. Siku moja anakutwa amekufa, wala hakuonekana kuugua. Akipasuliwa, ini lake si jekundu. Ni la manjano, limevimba, na ukilishika linamomonyoka. Limejaa mafuta.

Ini la mtu nalo huweza kujaa mafuta hivyo hivyo. Leo tujifunze juu ya aina moja ya mafuta hayo, iitwayo kolesteroli. Wengine huiita lehemu, lakini siyo ile lehemu ya fundi anayeziba sufuria.

Kolesteroli ni nini?

Ni kitu laini kama nta, nacho siyo sumu. Kila seli, yaani kila chembe hai ya mwili, huihitaji ili kujenga ukuta wake. Ini huitumia kutengeneza nyongo. Sehemu kubwa ya kolesteroli hatuili, bali mwili huitengeneza wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu. Nyingine hutoka katika vyakula vya wanyama: kiini cha yai, maini, samli, nyama ya mafuta. Mimea haina kolesteroli ya kuhesabika. Kwa hiyo ukiona dumu la mafuta ya alizeti limeandikwa "haina kolesteroli", usidhani mwenye kiwanda amefanya maajabu. Alizeti yote ndivyo ilivyo. Tena bado ni mafuta, ukiyamimina ovyo utanenepa tu.

Seli huumiaje?

Seli ina kipimo chake. Kolesteroli ikitosha, seli hupunguza kuitengeneza, na hupunguza milango ya kuipokea kutoka katika damu. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua mambo hayo. Lakini mtu akila kupita kiasi mwaka hadi mwaka, nyama za mafuta, chipsi, soda, na kazi yake ni ya kukaa, kipimo hicho huvurugika. Kolesteroli hurundikana ndani ya seli za ini.

Sasa fuata vizuri. Ndani ya kila seli ya ini mna majiko madogo madogo, yaitwayo mitokondria. Humo chakula huchomwa ili tupate nguvu. Jiko halikosi moshi, na seli ina kinga ya kuusafisha moshi huo. Kinga hiyo lazima ipenye ukuta wa jiko. Kolesteroli ikijaa katika ukuta, ukuta hukakamaa na kinga haipenyi. Moshi unazidi, jiko linaharibika, mwishowe seli inakufa. Kolesteroli nyingine huganda kama punje za chumvi. Seli za ulinzi huja kuzunguka mabaki hayo, na ini huvimba.

Kisha yanakuja makovu. Fikiri kidonda kinachotoneshwa kila siku, ngozi yake hubaki ngumu. Ini lenye makovu mengi husinyaa, damu haipiti vizuri, tumbo hujaa maji, macho huwa ya manjano. Wengine hupata kansa ya ini. Siyo kila mwenye ini la mafuta hufika huko, wengi hawafiki. Lakini ini halipigi kelele. Mtu huenda miaka mingi hasikii maumivu, na watu wanamsifia kitambi, eti ndiyo heshima!

Ini huharibiwa pia na pombe, na virusi vya homa ya ini, na sumu ya ukungu wa mahindi na karanga. Basi ukimwona mwenzio ana macho ya manjano, usimwambie amekula mafuta mengi. Mpeleke hospitali apimwe.

Je, ini hupona?

Likiwahiwa, ndiyo. Ini hujijenga upya kuliko viungo vingi. Mtu mnene akipunguza sehemu 7 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake, mafuta na uvimbe wa ini hupungua. Tupige hesabu. Mtu ana kilo 90:

90 × 7 ÷ 100 = kilo 6.3
90 × 10 ÷ 100 = kilo 9

Apunguze pole pole, kwa miezi. Kujinyima chakula ghafla huliumiza ini. Aache soda, apunguze vya kukaanga, ale maharage, mboga za majani na samaki, atembee au ashike jembe. Hizo dawa za chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi, mimi sizikubali. Nyingine zinaliongezea ini mzigo. Na aliyepewa dawa ya kolesteroli na daktari asiiache kwa ushauri wa jirani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini asiyekula mayai wala nyama bado ana kolesteroli mwilini?
2. Mama ana kilo 80. Sehemu 7 katika 100 za uzito wake ni kilo ngapi?
3. Kijijini kwenu mtu mwenye kitambi husemwaje? Na mwembamba je?