Ramani Isiyohitaji Mtandao: Somo kwa Wasafiri na Wavuvi wa Mpakani

Simu ikikaribia mpaka wa Mutukula, mara nyingi huvutwa na mnara wa nchi jirani. Bando la nyumbani hukoma, na ramani hugeuka kioo kitupu chenye alama ya buluu katikati. Tunawaomba wasomaji waiangalie vizuri alama hiyo. Ipo kwa sababu simu hupokea ishara za satelaiti moja kwa moja, bila laini wala bando. Kinachokosekana ni mchoro wa nchi tu, nao waweza kuhifadhiwa simuni kabla ya safari.

Kwa kazi hiyo twapendekeza Organic Maps au OsmAnd. Zote mbili hutumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa mwaka 2004 na kujazwa na watu wa kujitolea duniani kote. Google Maps nayo huhifadhi eneo, lakini hifadhi hiyo huisha muda wake isiposasishwa. Pakua ramani ya Uganda na ya Tanzania pia, kwani ramani ya nchi moja huishia mpakani; hatua chache mbele utabaki na barabara kuu peke yake.

Asiye na bando la kutosha aweza kusaidiwa na jirani. Mafaili ya OsmAnd, ambayo majina yake huishia na .obf, hutumwa kwa Bluetooth au kunakiliwa kutoka kompyuta kwa waya, kisha hufunguliwa kwa OsmAnd yenyewe. Wenye vifaa vya Garmin huweka faili la .img katika folda iitwayo Garmin ndani ya kadi ya kumbukumbu. Kisha jaribuni mkiwa bado nyumbani: zimeni data, vuteni ramani karibu, mwone kama njia ndogo za kijijini zaonekana.

Sasa tufikie jambo ambalo watu wa ukanda huu wana bahati nalo. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 yaliuweka mpaka wetu juu ya mstari wa digrii 1 kusini mwa ikweta. Idi Amin alitaka kuusogeza hadi Mto Kagera mwaka 1978, vita vikafuata, na mstari ukabaki palepale. Kwa hiyo, kuanzia Mto Kagera upande wa magharibi hadi ndani ya Ziwa Viktoria, namba ya kwanza ya mahali ulipo hukuambia uko nchi gani. Bonyeza alama ya ulipo uisome. Ikiwa -0.98, uko Uganda, kilomita 2 hivi kabla ya mpaka, ikiwa -1.02, umeingia Tanzania kwa umbali kama huo. Kila 0.01 ni takriban kilomita 1.1.

Nchi kavu, lakini, nguzo za mpaka ndizo zenye neno la mwisho, wala mstari uliochorwa kwenye simu si hati ya serikali. Tena ramani huchora njia ya panya kwa rangi ileile ya njia ya kwenda kisimani. Kuonekana kwa njia si ruhusa ya kuvukia hapo; pa kuvukia ni kituo cha Mutukula.

Ziwani hali ni nyingine, kwani hakuna nguzo. Mvuvi aliyetoka Kasensero usiku, upepo ukamsukuma kusini, hana kingine cha kumwonyesha mpaka isipokuwa namba hiyo. Akiona -0.99 amebakiwa na kilomita moja hivi, na huo ndio wakati wa kugeuza mtumbwi, kabla nyavu na injini havijashikiliwa ng'ambo. Simu na iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kwenye simu nyingi satelaiti husomwa hata katika hali ya ndege, nayo huokoa chaji inayoliwa na kutafuta mtandao. Msitu wa Malabigambo wahitaji subira zaidi: majani mazito huzuia ishara, hivyo tafuta uwazi na usubiri dakika kadhaa.

Ukipatwa na dharura, iondoe simu katika hali hiyo upige 999 au 112 ukiwa Uganda, na 112 ukiwa Tanzania. Kumbuka kwamba simu iliyoshikwa na mnara wa jirani huweza kukupeleka kwa askari wa upande wa pili. Basi anza kwa kutaja nchi uliyomo, kisha soma namba zote mbili polepole: "hasi sifuri nukta tisa nane..." Tarakimu nne baada ya nukta zatosha kuonyesha mahali kwa mita 11 hivi. Mwombe mpokeaji azirudie, maana tarakimu ya pili baada ya nukta ikikosewa, gari la polisi litakwenda kukutafuta kilomita moja au zaidi kutoka ulipo.