SOMO: MGENI, JEMBE NA SHAMBA



Wazee wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni maneno ya kweli. Lakini jembe bila shamba halilimi. Tuangalie namna wageni walivyopokelewa huku kwetu Masisi, na sababu gani magomvi yalifuata.

1. Nani aliwaleta?

Tangu mwaka wa 1937 mpaka 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamisha watu kutoka Rwanda. Kazi ile ilifanywa na ofisi iliyoitwa MIB. Sababu zilikuwa mbili: kule Rwanda watu walikuwa wengi na njaa ilirudia mara kwa mara, huku Kivu wazungu wenye mashamba makubwa walitafuta wafanyakazi. Inahesabiwa kama watu 85.000 waliletwa hivyo. Wengine walikuja wenyewe, kama wakimbizi wa tangu 1959. Wale wa Gishari walipewa shefu wao juu ya udongo wa Wahunde; mwaka wa 1957 utawala ule ukaondolewa.

Basi aliyekata neno ni Mbelgiji, na Mbelgiji hakuwa mwenyeji. Udongo ulikuwa wa kupewa kabisa ao wa kulima tu chini ya mwami? Kila upande ulibaki na jibu lake.

2. Sheria zilibadilika

Sheria ya 1972 ilisema: aliyetoka Rwanda ao Burundi na kukaa Kivu mbele ya 1950 ni mwana-inchi. Sheria ya 1981 ikageuza: wazazi wa kale wawe walikuwa ndani ya mipaka ya inchi mwaka wa 1885. Ile ya 2004 ikarudi mpaka uhuru, mwaka wa 1960. Mtu alizaliwa hapa hapa, akalala mwenyeji, akaamka mgeni.

3. Wote tulikimbia

Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, Walikale, yakafika Masisi. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu, Watutsi: kila mmoja kwa zamu yake alifunga mizigo. Mwaka wa 2007, na tena 2023, vita ilifika Mushaki yenyewe. Watu wakashuka Sake na Goma. Wengi hawakulala kambini. Walilala katika nyumba za watu, wakala sahani moja nao. Yule anayeitwa mwenyeji leo aliwahi kuomba fasi ya kulala.

4. Tufanye nini?

Moyo mwema peke yake hautoshi. Kuni, maji na shamba vinachokesha hata jirani mzuri. Tusome Kitabu cha Ruthu. Mgeni yule aliokota masuke kwa sababu sheria ilimruhusu, si kwa huruma tu. Na Boazi hakumaliza jambo la shamba kwa siri: aliita wazee kumi mlangoni pa mji.

Nasi tufanye vile. Ukimwazima mtu shamba, mseme mbele ya mashahidi, na muandike: ni kwa misimu mingapi? Atatoa nini? Anaruhusiwa kupanda miti, ao maharagwe tu? Maneno ya wazi siku ya kwanza yanalinda wote wawili, na watoto wao pia.

Maulizo ya darasa

a) Kwenu, nani anashuhudia shamba likiazimwa?
b) Mwanafunzi mgeni akifika kati ya mwaka, anahitaji nini siku ya kwanza, na nini siku ya tatu?