Imani na Amali: Wayasemayo Walutheri, na Mahali pa Kuwajibu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ama baad. Wafanyabiashara wa pwani wafikao Rujewa, katika Usangu, kununua mpunga, huketi sokoni pamoja na Wakristo, na maneno ya dini hayakosi kuzuka. Neno wapendalo kulitupa Waislamu ni hili: ya kwamba Mkristo akiisha kuamini amepewa ruhusa ya kuiba na kuzini, kwa kuwa wokovu wake hauna haja ya amali. Neno hili si kweli. Na kumzulia mtu asiyoyasema ni haramu, ijapokuwa si Mwislamu. Sura ya Al-Maida, aya ya 8, imewakataza waumini wasiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu.

Asili ya mafundisho hayo ni Martin Luther, mtawa wa Kijerumani, aliyetoa hoja zake 95 mwaka 1517 kupinga kuuzwa kwa vyeti vya msamaha. Hakuona kwamba mja aweza kununua radhi ya Mungu, wala kwa fedha wala kwa amali. Akashika waraka wa Paulo kwa Warumi, mlango wa 3, aya ya 28, na alipoutafsiri kwa Kijerumani akatia neno la maana ya "peke yake", lisilokuwamo katika Kiyunani. Mwaka 1530 wafuasi wake waliandika ungamo lao katika mji wa Augsburg. Wamisionari wa Berlin na Wamoravian ndio walioyaleta mafundisho hayo Unyakyusa mwaka 1891, kisha yakaenea nyanda zile.

Walakini ungamo hilo, likiisha kusema katika ibara ya 4 kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, husema katika ibara ya 6 kwamba imani haina budi kuzaa amali njema. Kwao amali ni matunda, si bei. Amwambiaye Mlutheri kwamba dini yake yahalalisha wizi hujibiwa kwa ibara hiyo, akanyamaza mbele ya watu.

Na ajitazame mwenyewe. Wako wapwani wasioijua safu ya msikiti ila siku ya Idi, nao husema: "Sisi umma wa Muhammad, shahada yatutosha." Hiyo ndiyo kauli ya Murjia, na Imamu Shafii amepokewa akisema kwamba imani ni kauli na amali. Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba hapana aingizwaye Peponi na amali yake, hata Mtume mwenyewe, illa Mungu amfunike kwa rehema. Bassi kuitegemea rehema si jambo la kumcheka Mkristo.

Palipo na hitilafu ni pengine. Mlutheri husema deni la dhambi limelipwa na mwingine, naye ni Isa, kwa kifo chake. Kurani yasema katika Al-Anam, aya ya 164, kwamba hapana abebaye mzigo wa mwenziwe. Na Adamu alitubu akapokelewa toba yake, kama ilivyo katika Al-Baqara, aya ya 37, pasipo kuuawa mtu. Akiuliza Mkristo, "Nanyi je, hamngoji shafaa?" ajibiwe kwamba shafaa ni maombi kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, si malipo. Mwenye deni husamehe apendapo, wala hahitaji mdhamini.

Hiyo ni haki ya Mungu. Ama haki ya waja, fakihi wameshurutisha katika toba irudishwe kwa mwenyewe au atakwe radhi. Imamu Nawawi ameitaja katika Riyadh as-Salihin kuwa ni sharti la nne, baada ya kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Kwa hiyo aliyemshindilia mkulima wa Rujewa gunia la lumbesa, akalipa bei ya gunia la kawaida, hatoki katika dhambi ile kwa shahada wala kwa sala, hata amrudishie kilichozidi au asamehewe naye. Na mkulima akiwa Mlutheri, hukumu ni hiyo hiyo.